Kupima asidi za mnyororo mfupi kwenye choo, kuanzia kopo hadi jibu

Bakteria wa utumbo mpana wanapochachusha nyuzi za chakula hutoa asidi za mnyororo mfupi: asetati, propionati na butirati. Sehemu kubwa, hadi asilimia 95, hufyonzwa na mwili, kwa hiyo tunachopima kwenye choo (kinyesi) ni salio tu. Salio hilo huharibika upesi, ndiyo maana hatua ya kwanza naieleza kwa kirefu kuliko zote.

1. Kupokea sampuli. Bakteria hawafi kwa sababu tu wameingia kwenye kopo. Choo kikikaa kwenye joto la kawaida, uchachushaji unaendelea na asetati inapanda, nawe utapima yaliyotokea koponi ukidhani ni ya tumboni. Mwombe mhusika aweke kopo kwenye barafu mara moja na aandike saa. Likifika, koroga choo chote kwanza, maana kipande cha mwanzo na cha mwisho havifanani. Gawa kwenye tyubu ndogo za matumizi ya mara moja, kisha gandisha kwa nyuzi joto -80 za Selsiasi.

2. Kupima uzito. Pima takriban miligramu 200, tyubu ikiwa juu ya barafu. Fungu jingine likaushe ili ujue kiasi cha maji. Lile la asidi usilikaushe kamwe: asidi hizi huruka na mvuke.

3. Kiwango cha ndani, yaani asidi ya kulinganishia. Tia asidi ya 2-ethilibutiriki kwa kiasi unachokijua, kabla ya hatua nyingine yoyote. Bakteria wa utumbo hawaitengenezi, hivyo ikipungua njiani inakuonyesha kiasi cha hasara uliyopata. Ukiitia mwishoni haina faida.

4. Kutoa asidi. Ongeza maji baridi, tikisa kwa nguvu, zungusha kwenye sentrifyuji baridi, chukua maji ya juu. Shusha pH (kipimo cha uchachu) hadi 2 hivi kwa asidi hidrokloriki. Juu ya pH 4.8 nyingi zina chaji na hung'ang'ania maji. Ukishuka hadi 2, karibu zote hupoteza chaji na huweza kuhamia kwenye etha, kiyeyushi kisichochanganyika vizuri na maji. Tia etha, tikisa, chukua tabaka la juu. Fanya hivyo ndani ya kabati la kufyonza hewa, mbali na moto. Usivukize etha ili kukoleza, utapoteza asetati kwanza.

5. Kwenye mashine. Tumia kromatografia ya gesi, mashine inayotenganisha asidi zikiwa mvuke ndani ya bomba jembamba (kolamu), na kolamu iwe ya polari. Kila asidi huonekana kama kilele kwenye mchoro. Asetati hutoka kwanza, kisha propionati, kisha butirati. Kila sampuli kumi hivi, pitisha etha tupu. Niliwahi kuona kilele kizuri cha asetati kwenye etha tupu. Kilikuwa mabaki ya sampuli zilizotangulia, na kazi ya siku nzima ikabidi irudiwe.

6. Hesabu. Gawa kilele cha kila asidi kwa kilele cha kiwango cha ndani, kisha soma kwenye mstari wa ulinganifu, ule uliochorwa kwa miyeyusho ya kiasi kinachojulikana. Toa jibu kwa uzito mbichi na mkavu. Chukua sampuli mbili, zote milimoli 60 kwa kilo mbichi. Yenye maji asilimia 75 inatoa 240 kwa kilo kavu. Yenye asilimia 85 inatoa 400. Mbichi zinalingana, kavu zimeachana mbali.

Kando ya jibu andika saa zilizopita kabla ya kugandishwa, na mara ngapi tyubu imeyeyuka. Iliyoyeyuka mara mbili mimi siipimi tena.