Mkebe wa nne: namna ya kuomba tuzo ya lishe ya vijana

Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha vijana huku Likoni, Mombasa. Tumeomba tuzo za lishe mara tatu. Ya kwanza tulikosa, ya pili tulikosa kwa aibu, ya tatu tukapata. Hazikuwa pesa nyingi: sufuria mbili kubwa, mtungi wa gesi na chakula cha muhula mmoja. Tangu hapo vikundi vya Mtongwe mpaka Kisauni vinanipigia simu kuniuliza, "Dada, mliandika nini?" Nimechoka kueleza kwa simu nikiwa kwenye feri, upepo unakula maneno. Nayaandika hapa yote.

Kwanza jua unachoomba. Ruzuku hulipia kazi utakayoifanya. Tuzo hulipia kazi uliyokwisha kuifanya. Hizi zinazoitwa tuzo za ruzuku ziko katikati: wanataka kuona mmeanza kwa mikono yenu, ndipo wawape cha kuendelea nacho. Kama kikundi hakijapika hata sufuria moja, pikeni kwanza.

Pili, kabla ya kuangalia kiasi cha pesa, soma nani anaruhusiwa kuomba. Tuzo nyingi za Marekani zinadai shirika lenye hadhi ya 501(c)(3), yaani shirika lisilo la faida lililosamehewa kodi kwa sheria yao, na kikundi cha Likoni hakina hadhi hiyo. Nyingine zinakubali mdhamini, yaani shirika lililosajiliwa lipokee fedha kwa niaba yenu. Ukimpata, andikianeni nani anakata kiasi gani kabla pesa haijaingia, maana ikishaingia kila mtu husahau alichosema.

Angalia pia neno "kijana". Kwa Katiba yetu ya Kenya ya 2010, kijana ni aliyetimiza miaka 18 na hajafika 35. Shirika la Afya Duniani likizungumzia wanaobalehe, lina maana ya miaka 10 hadi 19. Ombi letu la kwanza lilisema "vijana" ukurasa mzima ilhali tuliokuwa tukiwalisha ni watoto wa gredi ya 7. Msomaji angejuaje? Andika umri kwa tarakimu, mara ya kwanza unapowataja.

Kazi yenyewe ni kuhesabu. Katika ombi la kwanza tuliandika kwamba vijana wengi wa Mombasa wanakula vyakula visivyo na lishe. Nani asiyejua hilo? Ombi la tatu lilihusu lango moja la shule, dakika 20 za mapumziko, siku 10 za masomo. Hapo ndipo tulipojibiwa.

Tulifanya hivi. Tulichukua mikebe mitupu ya maziwa ya unga, tukaipanga kwenye baraza mkabala na lango, na kila mmoja wetu akawa na punje za mahindi mfukoni. Mkebe wa kwanza ulikuwa wa vya kukaanga: viazi karai, bajia, krisps za muhogo. Wa pili wa vitamu na vikali: barafu za ukwaju, mabuyu, achari za embe zile zinazoacha vidole vyekundu. Wa tatu wa matunda na chakula cha kupikwa. Mtoto akinunua, punje inaingia. Akinunua viwili, punje mbili. Hatukuandika jina la mtu wala kupiga picha. Mama wa viazi karai tulimwambia mapema, tena kwa heshima, tusije tukaonekana tumetumwa kumfukuza. Akatupa na stuli ya kukalia.

Siku ya pili mwenzetu mmoja, asiyependa kusema kikaoni, akauliza, "Na yule je?" Alikuwa akimwangalia msichana aliyesimama kwenye mfereji, yaani bomba la maji, ndani ya uwanja wa shule. Alikunywa maji kwa kiganja, akapangusa mdomo kwa ncha ya mtandio, akarudi darasani kabla ya kengele. Hakununua kitu. Kesho yake vilevile. Basi tukaongeza mkebe wa nne, wa wasionunua chochote, na wiki ilipokwisha ulikuwa mzito kuliko ule wa matunda. Sisi tulikuwa tumejiandaa kupigana na viazi karai. Kumbe wapo ambao hata hivyo viazi karai wanaviona kwa macho tu.

Mkebe huo ndio ulioonyesha kile ambacho waandaaji wa tuzo wanakiita usawa wa afya. Wengi hudhani maana yake ni kumpa kila mtu sawasawa. Ukigawa machungwa 100 kwa watoto 100 umegawa sawa, lakini aliyetoka nyumbani na mayai tumboni na aliyekunywa maji ya mfereji wamepata chungwa mojamoja, na pengo lao liko palepale. Fomu ikiuliza mtashughulikia vipi usawa, sema ni nani hafikiwi leo, kwa nini hafikiwi, na mtamfikiaje bila kumwaibisha. Hilo la aibu usilipite haraka. Sisi tuliuza bakuli la kunde kwa shilingi 20 kwa kadi, na kadi zote zilikuwa za rangi moja. Anayelipa anapata kadi, asiyeweza anapewa kadi ileile na mwalimu, asubuhi, kimyakimya. Kwenye foleni hakuna awezaye kuwatofautisha. Mambo mengine tuliyoyaandika, nadhani hata hayakuwagusa wasomaji kama hili la kadi.

Baada ya lango, ingieni majumbani, ila mjue namna ya kuuliza. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, wana maswali 8 ya kupima uhaba wa chakula, na ni maswali mazuri, lakini ukimwuliza mtu wa Pwani mlangoni kwake kama alikosa chakula, atajisitiri. Bibi mmoja alinijibu, "Mwanangu, sisi twala, alhamdulillah," na jiko lake lilikuwa baridi, saa saba mchana. Nikakaa, nikamwamkia tena vizuri, nikamwuliza jana walipika nini. Hapo alisimulia. Anza na jana, hayo mengine yatakuja.

Hiyo jana ina kipimo chake. Kuna mafungu 10 ya vyakula: nafaka na mizizi, jamii ya kunde, karanga na mbegu, maziwa, nyama na samaki, mayai, mboga za majani ya kijani, matunda na mboga nyingine zenye vitamini A kwa wingi, mboga nyingine, na matunda mengine. Unahesabu mangapi yameliwa katika mchana na usiku uliopita, na lengo ni kufika 5. Mafuta, sukari na chai havimo. Kitu kilicholiwa chini ya gramu 15, kama kijiko kimoja kikubwa, hakihesabiwi.

Jaribu na sahani za kwetu. Asubuhi mahamri kwa mbaazi: nafaka na jamii ya kunde. Mchana wali na mchuzi wa samaki: nafaka imeshahesabiwa, samaki ni la tatu. Usiku ugali na mchicha: la nne. Kipande cha embe bivu, umefika 5. Sasa chukua nyumba ya pili, hatua chache tu kutoka hapo: chai ya rangi na mkate, mchana hakuna, usiku ugali na mchicha. Mafungu 2. Ukiziweka nyumba hizi mbili kando kwa kando kwenye ombi, huhitaji kuandika "umaskini" hata mara moja. Ila kumbuka kipimo hiki kimetengenezwa kwa wanawake wa miaka 15 hadi 49, na ni cha kundi, si cha kumhukumu mtu mmoja. Sisi tulikitumia kwa wasichana wakubwa na mama zao, na tukasema hivyo wazi. Msomaji anayekijua kipimo angetushika.

Usipime watoto uzito wala damu kwa sababu tu una mizani. Hiyo ni kazi ya mhudumu wa afya. Na ukikusanya habari za mtoto zinazoweza kumtambulisha, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi. Punje za mahindi hazina jina, ndiyo maana tulizipenda.

Bajeti ndiyo iliyotuangusha mara ya kwanza. Fulana 40 zenye nembo yetu zilikula pesa nyingi kuliko kunde na dagaa. Nilipoisoma upya mwaka mmoja baadaye nilitaka kujifukia. Andika vitu vinavyolisha kwanza, kisha vile ambavyo watu husahau: maji ya mitungi siku mfereji ukikauka, nauli ya tuktuk kutoka sokoni Kongowea, sabuni, posho ya mpishi, na cheti cha afya cha mpishi, ambacho hufanywa upya kila miezi 6. Mpishi asiandikwe kama anajitolea kama kwa kweli mtamlipa. Na msitegemee bei moja ya samaki mwaka mzima. Kusi likivuma bahari inachafuka, wavuvi wengi hawatoki, na bei inapanda. Sisi miezi hiyo tuliandika kunde nyingi na dagaa wakavu kidogo.

Pigeni hesabu kwa shilingi, kisha mgeuze kuwa dola, na mwache nafasi. Januari 2024 dola moja ilikuwa karibu shilingi 160. Kufika Aprili ilikuwa karibu 130. Aliyepanga chakula kwa bei ya Januari akapokea pesa Aprili alipungukiwa na karibu sehemu moja kati ya tano, bila mtu kuiba hata senti.

Ratiba nayo ifuate maisha ya hapa. Tuliwahi kuweka siku kubwa ya uzinduzi, na mapishi na yote, katikati ya Ramadhani, kwa sababu tulinakili ratiba ya mwaka uliotangulia na kusahau kwamba mfungo husogea nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Mwalimu mkuu alicheka mpaka akavua miwani.

Sasa ile aibu ya mara ya pili. Fomu ilisema mwisho ni 12 PM. Katibu wetu akasoma saa sita usiku. Tulikaa barazani tukirekebisha sentensi, tunakunywa kahawa na kashata, tunajiona wafanyakazi hodari. Tulipofungua ukurasa saa tatu usiku ulikuwa umefungwa tangu mchana. 12 PM ni saa sita mchana. Na ikiandikwa 17:00 GMT, ongeza saa 3: ni saa mbili usiku kwetu. Andikeni saa ya Kiswahili kwenye karatasi, mbandike ukutani, na mtume siku 2 kabla, maana intaneti huamua kulala siku hiyohiyo.

Mtu akikutaka ulipe ada kwa M-Pesa ili ombi "lishughulikiwe", futa ujumbe.

Mkipata, kazi yangu mimi mweka hazina ndiyo huanza. Watataka risiti, na sokoni wengi wanaouza mchicha kwa fungu hawana risiti. Nunua kitabu cha risiti chenye karatasi ya nakala, uende nacho. Unaandika mwenyewe tarehe, kitu, kiasi na bei, muuzaji anatia sahihi, nakala unamwachia. Mama ninayenunua kunde kwake hupiga dole gumba, na huchukua wino wangu kwa kidole hichohicho kilichotoka kupima kunde, kwa hiyo risiti zangu za muhula mzima zina vumbi la kunde pembeni. Wenye tuzo walizikubali zote.