Kuotesha vijiti vidogo mno (vya kipimo cha nanomita) vya oksidi ya zinki juu ya kioo, Malindi

Maji mengi ya visima huku Malindi yana chumvi, na kloridi huvuruga umbo la vijiti. Tumia maji yaliyokenekwa (yaliyochemshwa yakawa mvuke, kisha mvuke ukapozwa) tu.

Mbegu kwanza, yaani chembe ambazo vijiti vitaotea juu yake: gramu 0.022 za asetati ya zinki kwenye mililita 20 za ethanoli. Dondoshea kipande cha kioo, kausha, rudia mara tano, choma nyuzi 350 kwa dakika 20.

Kisha tia kioo kwenye mchanganyiko wa nitrati ya zinki gramu 0.74, heksamini gramu 0.35 na maji mililita 100, nyuzi 90, kwa muda wa saa tatu. Kioo kikae kifudifudi, upande wenye mbegu ukitazama chini. Kikilala chali, unga mweupe unaozama utakifunika. Suuza.

Vaa miwani ya kuzuia urujuanimno, mulika gizani kwa taa ya urujuanimno ya nanomita 365. Mng'ao wa nanomita 380 wataka spektromita (kifaa cha kupima mwanga). Unjano unaouona unatokana na kasoro za fuwele.