Somo la kudarizi: neno KARIBU kwa mshono wa msalaba, kutoka daftari la hesabu hadi mto wa kochi

Hapa Dar es Salaam ni vigumu kushika sindano mbele ya watu bila kuulizwa unauza shilingi ngapi. Nimeulizwa hivyo barazani kwangu, nimeulizwa kwenye foleni ya zahanati, na hata mgeni aliyekuja kuhani msiba aliwahi kunivuta pembeni aulizie bei ya kitambaa kilichokuwa mapajani mwangu. Somo hili ni la wale wanaotaka kudarizi na kushona kwa ajili ya nyumba zao wenyewe, jioni baada ya kazi au katika zile siku za masika ambapo barabara imejaa maji na hakuna pa kwenda. Habari ya kuuza nitaigusa kwenye maswali, kwa sababu najua itaulizwa.

Mshono wa msalaba, ambao wengine huuita mshono wa eksi, ni mishono miwili tu inayokatizana juu ya mraba mmoja. Aliyesoma sayansi kimu shuleni akaweza mshono wa mnyororo hatapata taabu yoyote ya mkono. Kazi yenyewe iko katika kuhesabu. Mwenye kushona kofia ya viua analijua jambo hili, kwamba tundu moja likikosewa upande huu, ua zima hukataa kukutana upande wa pili.

Hatua ya kwanza: kitambaa

Kitambaa kilichotengenezwa mahususi kwa kazi hii huitwa Aida, nacho kimefumwa kwa vijumba vyenye vitundu kwenye pembe, na kile kinachotumika zaidi kina vijumba 14 katika kila inchi. Ukikipata, kinunue. Hata hivyo, mimi huwaanzisha wanafunzi wangu kwa kitambaa cha drafti, kile kile cha mashati na sare za watoto, ambacho hupatikana katika maduka ya vitambaa ya Mtaa wa Uhuru na mitaa mingine ya Kariakoo, kwa sababu miraba yake inaonekana wazi hata kwa macho yaliyochoka na kila mraba hupokea msalaba mmoja. Chagua drafti ya pamba yenye miraba ya robo inchi.

Kabla hujalipa, fanya mambo mawili. Geuza kitambaa utazame mgongo wake: drafti iliyofumwa ina rangi sawa pande zote mbili, ilhali iliyopigwa chapa huonekana imefifia kwa nyuma, na mara nyingi mistari yake haifuati nyuzi za kitambaa, hivyo utadarizi sawasawa na kazi itaonekana imelala upande. Kisha pima miraba kumi kwa upana na kumi kwa urefu. Muuzaji atakutazama kwa mshangao, lakini vipimo hivyo viwili visipolingana, herufi zako zitakuwa ama nyembamba kama njiti ama nene kama matofali.

Ukifika nyumbani, kiloweke kitambaa katika maji, ukianike na ukipige pasi kabla ya kukikata, ili kama ni kurudi kirudi sasa na siyo baada ya wiki tatu za kazi yako.

Hatua ya pili: uzi na sindano

Uzi wa kudarizi wa pamba una nyuzi sita nyembamba zilizolazwa pamoja, ambazo hutenganishwa kulingana na ukubwa wa mraba. Kwa Aida ya vijumba 14 tumia nyuzi mbili. Kwa drafti ya robo inchi tumia nne, maana mbili zitaacha msalaba uliokonda. Chomoa uzi mmoja mmoja kutoka kwenye fungu, halafu uzilaze pamoja. Ukizichomoa nne kwa mkupuo zitafungamana.

Urefu wa uzi ni dhiraa moja, yaani kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, wala usidanganywe na uvivu wa kutunga sindano ukakata pima nzima. Uzi mrefu hupita katika kitambaa mara nyingi mno, hivyo huchakaa na kutoa manyoya kabla haujaisha.

Aida hutaka sindano butu yenye tundu kubwa, kwa kuwa vitundu viko tayari. Drafti haina vitundu, kwa hiyo inataka sindano yenye ncha kali na tundu la kutosha nyuzi nne. Ongeza mkasi mdogo unaokata kweli na, kama ngozi ya kidole chako ni laini, kastabini, kile kikofia cha chuma cha kukinga ncha ya kidole. Ringi mbili za mbao zinazoingiana husaidia kukaza kitambaa, lakini zivue kila unapomaliza kazi ya siku, kwani zikilala hapo huacha alama ya duara ambayo pasi huipigia magoti.

Hatua ya tatu: kuchora kwenye daftari la hesabu

Hapa ndipo ninapotaka ukae kwa muda mrefu kuliko unavyodhani inastahili. Chukua daftari la hesabu lenye vijumba, na kila kijumba kiwe mshono mmoja. Andika neno KARIBU kwa herufi zenye urefu wa vijumba saba na upana wa vijumba vitano, isipokuwa I, ambayo vijumba vitatu vinaitosha, na uache kijumba kimoja kati ya herufi na herufi. Hesabu: herufi tano za vijumba vitano ni 25, ongeza vitatu vya I, ongeza nafasi tano, jumla 33. Kwenye drafti yenye miraba minne kwa inchi, neno zima litakuwa na upana wa inchi nane na robo na kimo cha inchi moja na robo tatu. Kwenye Aida ya 14, neno hilo hilo litakuwa na upana wa inchi mbili na kidogo tu. Kanuni ni hiyo kwa kila mchoro: gawanya idadi ya vijumba kwa idadi ya miraba iliyomo katika inchi moja, nawe utajua ukubwa kabla hujakata chochote.

Mimi sikuijua kanuni hiyo nilipoanza. Nilianzia kushoto, nikadarizi kwa furaha kwenye kitambaa cha meza ndogo, nikafika ukingoni nikiwa na KARIB. Kitambaa hicho ninacho mpaka leo, na wageni wangu wanakijua.

Dawa yake ni kuanzia katikati. Kwa vijumba 33, safu ya kati ni ya 17, na ukihesabu kutoka kushoto utaona kwamba inaangukia ukingo wa kulia wa herufi R. Kwa urefu, mstari wa kati ni wa nne. Katika R niliyoichora mimi, mahali hapo pa kati ni patupu, kwa sababu ndipo tumbo la herufi linapojifunga kabla mguu haujaanza kushuka. Kwa hiyo mshono wa kwanza hupigwa mraba mmoja juu ya kitovu. Weka alama ya kalamu nyekundu kwenye daftari ili usije ukasahau.

Ukitaka urembo juu na chini ya neno, usihangaike kutafuta michoro ya mbali. Utazame mkeka wa ukili, wenye mawimbi na almasi ambazo msukaji amezipata kwa kuhesabu chane. Urembo huo unahamia kwenye vijumba vya daftari bila kubadilishwa sana.

Hatua ya nne: kudarizi

Kwa mto wa inchi 16, kata kipande cha mbele chenye inchi 17 kila upande, ambapo nusu inchi ya kila ukingo ni ya mshono. Kikunje mara mbili ili upate kitovu, na mraba ulio karibu zaidi na makutano ya mikunjo ndio kitovu chako.

Chukua nyuzi mbili zenye urefu wa dhiraa mbili, zikunje katikati, na utunge ncha zote nne katika sindano, ili upande wa pili ubaki kitanzi. Toboa kutoka nyuma kwenye pembe ya chini kushoto ya mraba, uingie pembe ya juu kulia, na sindano ikiwa nyuma uipitishe ndani ya kile kitanzi kisha uvute taratibu. Uzi umejifunga wenyewe bila fundo. Mafundo hatuyataki, kwa sababu huvimba na kuonekana pasi ikipita.

Sasa malizia msalaba: toka chini kulia, ingia juu kushoto. Penye mishono kadhaa iliyofuatana katika mstari mmoja, piga kwanza miguu yote ya chini ukienda kulia, halafu rudi kushoto ukiikatiza mmoja baada ya mwingine. Sharti lisilovunjwa ni kwamba mguu wa juu uelekee upande uleule katika kazi nzima. Ukigeuza michache, mtu atakayetazama hatajua kasoro ni nini, ila ataona kuwa mahali hapo mwanga umelala vibaya. Vuta uzi hadi ulale, usivute hadi kitambaa kikunjamane. Uzi ukikaribia kuisha, pitisha sindano nyuma, chini ya mishono minne au mitano iliyokwishapigwa, kisha ukate.

Nawa mikono kabla ya kukaa, na joto la Januari likizidi nawa tena katikati ya kazi, maana jasho la vidole hukiachia kitambaa cheupe rangi ya chai.

Hatua ya tano: foronya

Kata vipande viwili vya mgongo, kila kimoja inchi 17 kwa inchi 11 na nusu. Katika kila kipande, pinda ukingo mmoja mrefu nusu inchi, upinde tena nusu inchi, na ushone upindo huo. Laza kipande cha mbele uso ukikutazama, juu yake laza vipande vya mgongo nyuso zikitazama chini, pindo zikiwa katikati, navyo vitapishana kwa inchi nne. Hapo ndipo mto utakapoingilia, wala hutahitaji zipu wala vifungo.

Piga bandi kuzunguka pande zote nne, yaani mishono mirefu ya kushikiza ambayo utaifumua baadaye, kisha shona kwa cherehani nusu inchi kutoka ukingoni. Asiye na cherehani ashone kwa mkono kwa mshono wa kurudi nyuma, na foronya yake itadumu vilevile. Punguza pembe nne kwa mkasi bila kuugusa mshono, fumua bandi, geuza, na usukume pembe kwa kijiti butu. Pasi ipigwe kwa nyuma, darizi ikiwa imelala juu ya taulo, ili misalaba isibonyee.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Mbagala: Shikamoo mwalimu. Uzi wangu hujisokota na kufunga mafundo kila baada ya mishono michache. Kosa ni langu au ni la uzi?*

Marahaba. Kila unapotoboa, vidole huizungusha sindano kidogo bila wewe kujua. Baada ya mishono kama kumi, iachie sindano ining'inie chini ya kitambaa. Itazunguka yenyewe mpaka uzi utulie. Na uzi wako upime kwa dhiraa.

*Mwanachama wa Kigamboni: Nimekuta doa la kutu mahali nilipoichomeka sindano. Je, linatoka?*

Kwa sisi tunaokaa karibu na bahari, sindano haiachwi ndani ya kitambaa hata usiku mmoja. Ihifadhi katika kopo kavu lenye kifuniko. Doa jipya hukubali maji ya limau na chumvi, yakiachwa kwa muda juani kisha yakasuuzwa vizuri. Jaribu kwanza kwenye kona isiyoonekana, kwa kuwa limau hilohilo linaweza kufifisha rangi ya drafti.

*Mwanachama wa Ubungo: Mimi ni mwanamume na ningependa kujifunza, lakini naona haya.*

Ndugu yangu, pita Kariakoo uhesabu ni nani walioketi nyuma ya vyerehani barazani, kisha uulize ni nani wanaotia tarizi kwenye shingo za kanzu. Karibu sana.

*Mwanachama wa Tabata: Uzi mwekundu utachuja?*

Baadhi huchuja. Lowanisha kipande cha uzi, kibane ndani ya kitambaa cheupe na upitishe pasi. Rangi ikihamia kwenye kitambaa, uzi huo usiuweke kwenye kazi. Kazi iliyokamilika ifuliwe kwa maji baridi na sabuni laini, isikamuliwe kwa kusokotwa.

*Mwanachama wa Temeke: Mama, hizi foronya zikiuzwa si zitatusaidia?*

Zinaweza kuuzwa, wala simkatazi mtu riziki yake. Nakuomba tu, kabla hujapokea oda, udarizi foronya moja huku umeandika saa ulizotumia, kisha uzizidishe kwa ujira ambao ungemlipa kibarua wa kazi nyingine yoyote. Niliwahi kukubali oda ya foronya sita za sebule moja. Nilizimaliza nikiwa nimekesha na nimekasirika, mnunuzi akaomba punguzo, na kwa miezi kadhaa sikutaka kuona sindano. Tangu hapo ninatoa zawadi kwa nimpendaye, na anayetaka kununua ninamfundisha adarizi yake.

*Mwanachama wa Kinondoni: Mbele ya kazi yangu ni safi, ila nyuma ni fujo. Nianze upya?*

Usifumue. Foronya itaficha mgongo wote. Angalia kitu kimoja tu: uzi wa rangi nzito ulioruka zaidi ya miraba mitatu ukipita nyuma ya miraba myeupe, huo utaonekana kwa mbele mwanga ukiupiga. Inua kitambaa dirishani uvitafute vivuli hivyo, kata kila uzi ulioruka hivyo katikati, na uzifiche ncha zake mbili chini ya mishono iliyo jirani.