Simu mbovu kwenye droo: ifanye hivi kabla hujaitupa

Karibu kila nyumba ina droo yenye simu mbili tatu zilizokufa, chaja za pini nyembamba ambazo hata hujui zilikuwa za nini na rimoti ya tv iliyouzwa kitambo. Mwaka 2022 dunia ilitoa tani milioni 62 za taka za umeme, hata robo yake haikukusanywa kwa utaratibu unaoeleweka, na mi nahisi sehemu nzuri imelala kwenye madroo kama hayo hayo.

Kwanza usiamini haraka kwamba imekufa. Simu isiyochaji mara nyingi ina uchafu tu wa mfukoni kwenye tundu la chaji, izime, chukua kijiti cha meno cha mbao (sio sindano, utapiga shoti) uchokonoe taratibu. Yangu niliiacha miezi minne nikijua ndo basi tena, kumbe ni kidonge cha pamba kama ya godoro.

Ikiwa mbovu kweli, ilaze mezani uizungushe kwa kidole. Ikizunguka kama pia, au kioo kimeanza kuachia pembeni, ujue betri imevimba na hapo acha ubishi kabisa, usiichaji eti utoe picha kwanza, usiibonyeze irudi, usiitoboe gesi itoke, lithiamu ya betri ikipata shoti ndani inawaka na moshi wake ni sumu. Weka simu nzima kwenye kopo la bati lenye mchanga mkavu, usikaze mfuniko, likae nje kivulini mbali na watoto mpaka umpelekee fundi, tena umwambie mapema kilichomo. Betri ambayo haijavimba we bandika tepu nyeusi ya umeme kwenye vile vishaba vyake, basi. Ila kwenye taka za jikoni usitupe, ikishindiliwa kwenye lori inaweza kuwasha moto.

Simu kama bado inawaka toa laini na memori kadi, hamisha picha, halafu ondoa akaunti ya Google kwenye setingi KABLA ya kuriseti. Watu wanariseti kwa vitufe vya pembeni, anayeipokea anadaiwa email na paswedi yako, simu inageuka tofali.

Sasa mpe fundi wa mtaani. Kioo, kamera, spika, sistimu chaji, vyote anavihamishia simu nyingine, na kwangu hiyo inashinda kuyeyusha chochote. Mazabodi (ile bodi kuu ya ndani) iliyobaki usimpe mtu wa vyuma chakavu, Bongo waulize NEMC, wale wa mazingira wa serikali, nani ana kibali, wenzetu wa Nairobi wanayo WEEE Centre, kituo cha taka za umeme.

Na zile waya za chaja msichome jamani! Plastiki yake ikiungua inatoa sumu ya dioksini, na wanaovuta ni watoto wa jirani. Chana kwa kisu uchune, shaba safi yenyewe ina bei kuliko iliyoungua.