Ndala za nyumbani zijaribu jioni

Nimelijua hili baada ya jozi mbili nzuri kunibana: ndala za kushinda nazo nyumbani zijaribu jioni, si asubuhi. Miguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda, hasa ukisimama sana, kwa hiyo iliyokukaa vizuri saa tatu asubuhi itakubana saa moja usiku, na hapo ndipo unapoitaka. Vaa zote mbili, maana mara nyingi mguu mmoja ni mkubwa kuliko mwenzake, kisha tembea hatua kumi. Kisigino kisitokeze nje, wala vidole visijikunje kuishikilia. Zenye manyoya ndani ndizo zinazoivuruga mbinu hii: manyoya yakishalala, ndala hulegea. Hizo chukua zinazobana kidogo.