Maji ya kabwawa yamegeuka kijani? Subiri kwanza, usimwage

Kabwawa kapya ka samaki bustanini wiki ya kwanza kanakupa raha, unaona mpaka kokoto za chini, wiki ya tatu unaamka unakuta mchuzi wa mchicha. Mimi nilimwaga maji yote nikasugua kuta na brashi mpaka saruji ikang'aa nikajaza upya, haikupita siku kumi kijani imerudi, na samaki watatu wanaelea.

Kumbe kijani yenyewe, yaani mwani, vimea vidogo vya majini, sio iliyoua. Mavi ya samaki na chakula kilichobaki vinatoa amonia, hiyo ndo sumu, na kuna bakteria wanaoipunguza makali ila wanaota taratibu kwenye kuta, mawe na sponji ya filta, kama wiki 4 mpaka 6 hivi. Ukisugua kila kitu umewafukuza, unaanza sifuri. Hata sponji ikiziba isuuze kwa maji ya bwawa hilohilo, ya bomba yana klorini inawamaliza. Maji ya kuongezea pia yaache kwenye pipa wazi siku moja mbili kwanza. Na kama hujaweka samaki bado, saruji mpya inatoa chokaa, jaza, acha siku kadhaa, mwaga, rudia kama mara tatu.

Sasa kijani inakula nini? Jua na uchafu. Chakula toa kinachoisha ndani ya dakika 5 basi, mimi nilikuwa natupa konzi nzima asubuhi na jioni, mtoto akirudi shule naye anamegea mkate, tutapona kweli? Jua liwekee yungiyungi lifunike kama nusu ya bwawa, au tandika neti ya kivuli juu. Kila wiki toa maji kidogo tu, ndoo moja kwa kila ndoo kumi.

Kupima hauhitaji mashine, zamisha mkono, kiganja kikipotea kabla maji hayajafika kwenye kiwiko ujue kijani imezidi. Kama unafuga sato wa kula usiwe na presha sana, ukijani kiasi ni chakula chao.

Cha kuogopa ni alfajiri. Mchana vimea hivyo vya kijani vinatoa oksijeni, usiku vinaivuta vyenyewe, kwa hiyo saa kumi na moja ukikuta samaki wamepanga midomo juu wanahema, badilisha robo ya maji fasta na pampu isizimwe usiku, habari za kubana umeme utazitafutia kwingine. Mrututu, ile chumvi ya shaba ya bluu ya kuulia kijani, usithubutu, unaua samaki, na kijani ikifa yote kwa pamoja inaoza na kumaliza oksijeni iliyobaki.

Zile nyuzi ndefu za kwenye mawe chukua fimbo kavu yenye magamba, zungusha kama unakunja tambi, zinatoka bonge zima, katupe kwenye shina la mgomba.