Kuiga mtiririko wa damu katika vali ya aota iliyosinyaa kwa kompyuta ya kawaida

Mwongozo huu ni kwa wanafunzi wa uhandisi na wa tiba, hasa wale wa huku kwetu Lamu wanaofanya kazi kwa kompyuta za mkononi. Vali inayowasumbua zaidi vijana wa Afrika Mashariki ni ya mitrali, iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, ambayo husinyaa kutokana na homa ya rumatiki inayofuatia maambukizi ya koo yasiyotibiwa. Hata hivyo ninashauri kuanza na vali ya aota, mlango ambao damu hupitia kutoka moyoni kuingia mshipa mkuu, kwa sababu njia yake inakaribia kuwa bomba lililonyooka, na majibu yake yanakaguliwa kwa kalamu na karatasi. Uigaji usiokaguliwa hivyo ni picha ya kupendeza tu, na mimi singeuweka mbele ya daktari.

Hatua ya 1: Hesabu ya mkono

Vali ya aota iliyo nzima hufunguka kwa eneo la sentimita za mraba 3 hadi 4. Likishuka hadi 1 au chini yake, ugonjwa huhesabiwa kuwa mkali. Chukua eneo la 1, yaani tundu lenye kipenyo cha milimita 11.3, ndani ya bomba la milimita 24, na mtiririko wa mililita 300 kwa sekunde. Gawa mtiririko kwa eneo, utapata kasi ya mita 3 kwa sekunde. Kanuni ya Bernoulli iliyofupishwa, ile ile itumiwayo na wapimaji wa ekko (kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti), husema kwamba tofauti ya shinikizo kati ya pande mbili za vali katika milimita za zebaki ni kasi ikizidishwa kwa yenyewe, kisha mara 4. Jibu ni 36, liandike pembeni.

Hatua ya 2: Umbo na wavu

Chora vali kama faneli ngumu isiyotikisika, mdomo wake mwembamba ukielekea upande wa aota. Vali inayopigapiga iache kwa sasa. Acha urefu wa vipenyo viwili au vitatu vya bomba kabla ya vali, na vipenyo kumi baada yake, kwa kuwa mkondo unaotoka kwenye tundu husafiri mbali kabla ya kutulia. Katika OpenFOAM, ambayo ni programu ya bure ya kuiga mitiririko, gawa nafasi hiyo iwe wavu wa vijichumba kwa amri ya blockMesh, viwe vya milimita 0.3 karibu na tundu na vikubwa zaidi kwingineko, kisha uendeshe checkMesh, amri ya kukagua wavu, na usiendelee hadi makosa yaishe.

Hatua ya 3: Damu na mipaka

Densiti ya damu ni kilo 1060 kwa mita ya ujazo, na mnato wake takriban paskali-sekunde 0.0035. Katika mishipa mikubwa inatosha kuichukulia damu kama kimiminika chenye mnato usiobadilika, mfano wa maji. Namba ya Reynolds, inayoonyesha kama mtiririko ni tulivu au wa msukosuko, kwenye tundu hufika kama 10,000, kwa hiyo msukosuko upo. Tumia modeli ya msukosuko iitwayo kOmegaSST. Kwenye ingizo weka kasi ya mita 0.66 kwa sekunde, kwenye tokeo shinikizo la sifuri, na kwenye kuta kasi ya sifuri.

Hatua ya 4: Kuendesha na kusoma

Endesha pimpleFoam, kikokotoo cha OpenFOAM cha mtiririko unaobadilika kwa muda. Kwa vijichumba vya milimita 0.3 na kasi ya mita 4 kwa sekunde (tutaona hapa chini kwa nini si 3), hatua ya muda isizidi sekunde 0.000075, ili damu isiruke kijichumba kizima kwa hatua moja. Hifadhi matokeo mara kwa mara, maana umeme ukikatika katikati ya usiku kazi yote isiyohifadhiwa hupotea.

Matokeo yakitoka, wengi hudhani programu imeharibika, kwa sababu tofauti ya shinikizo husomeka kama 8 hivi. OpenFOAM hapa hutoa shinikizo lililogawanywa kwa densiti. Zidisha 8 kwa 1060, gawa kwa 133.3, upate karibu 64 za zebaki.

Sasa swali ni kwa nini tulipata 36 kwa mkono. Mkondo hauachi kubana pale tundu linapoishia: damu inayokuja kutoka pembeni haiwezi kukata kona ghafla, basi huendelea kuelekea katikati, na eneo jembamba kabisa hutokea mbele kidogo ya vali. Kwa faneli eneo hilo laweza kushuka hadi sentimita za mraba 0.75, kasi ikapanda hadi mita 4. Ukibadilisha faneli kwa sahani bapa yenye tundu la ukubwa ule ule, eneo hushuka hadi karibu 0.62 na tofauti huzidi 90. Wagonjwa wawili wenye tundu sawa wanaweza basi kuwa na mzigo tofauti wa moyo, na hapo ndipo uigaji unapostahili umeme unaoutumia.

Soma shinikizo la chini pale mkondo ulipo mwembamba kabisa. Mbele zaidi sehemu ya shinikizo hurudi, ndiyo maana katheta, mrija unaoingizwa hadi moyoni kupima shinikizo, huweza kutoa tofauti ndogo kuliko ekko.

Hatua ya 5: Mapigo

Punguza ukubwa wa vijichumba kwa nusu na urudie. Jibu likibadilika sana, wavu wa kwanza haukutosha. Likitulia, badilisha kasi ya ingizo iwe wimbi la pigo zima la sekunde 0.8. Kumbuka kwamba 64 ni kilele, ilhali kipimo cha 40 ambacho madaktari hukihesabu kuwa alama ya ugonjwa mkali ni wastani wa muda wote ambao vali iko wazi. Kokotoa wastani huo kutoka kwenye wimbi lako kabla ya kulinganisha chochote na karatasi ya ekko.